Spea za injini Dodoma: pa kubana hela na pa kuiachia

Ilikuwa Julai, asubuhi ile ya baridi ya Dodoma inayomfanya mtu abaki na koti mpaka saa 4. Natoka Kisasa naelekea kazini Mtumba, Toyota IST yangu ikaanza kutetemeka kila nikisimama, na taa ya injini ikawaka. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Koili hizo, mheshimiwa. Nunua zote nne upumzike." Hapa mjini ukivaa tai tu wewe ni mheshimiwa, na neno hilo lina bei yake.

Fundi wa pili, kijana wa Kizota, alichomeka mashine ya kupimia ikasoma P0303, yaani silinda ya 3 haichomi vizuri. Akachomoa koili ya silinda ya 3, yaani kile kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaiweka ya 1, ya 1 akaihamishia 3, akafuta kosa, akawasha. Tukasubiri kidogo, gari likatetemeka tena, mashine ikasoma P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Nikanunua koili 1. Kama mashine ingerudia P0303, tungeangalia plagi au nozeli ya kupulizia petroli, na koili nne mpya zingekuwa hela ya bure.

Kipimo kama kile kilipie, hata kama hununui kitu siku hiyo. Fundi asiyelipwa kupima atajilipa mwenyewe kwenye cha juu cha spea, na kadiri spea zinavyokuwa nyingi ndivyo cha juu kinavyonona.

Nenda na namba

Ukifika dukani ukasema "naomba wota pampu ya IST", umeshaanza kupigwa. IST ya chesisi NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, NCP61 ina 1NZ-FE ya lita 1.5, na ukiziegesha pamoja hutazitofautisha. Fungua boneti, piga picha kile kibati chenye namba ya chesisi na ya injini, kaa nayo kwenye simu.

Spea ya Toyota ina namba yenye sehemu mbili: tano, kistari, tano. Tano za mbele zinataja aina ya kitu. 16100 ni wota pampu, 11115 ni gasketi ya hedi (inakaa kati ya bloku na hedi, kichwa cha injini), 13011 ni ringi za pistoni, 04111 ni seti ya gasketi za ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuifanya upya. Tano za nyuma ndizo zinazotenganisha injini na injini. Ukitumiwa picha ya boksi ambalo tano za mbele hazilingani na unachotafuta, usihangaike kuuliza bei.

Hesabu ya kufungua mara mbili

Chukua gasketi ya hedi, kwa namba za mfano tu. Tuseme kopi, yaani ya kuigiza, ni 30,000, nzuri ni 110,000, na fundi anataka 150,000 kushusha na kupandisha hedi. Kopi ikivuja baada ya miezi 2 utakuwa umeshatoa 180,000, halafu unanunua ile nzuri na kumlipa fundi upya, 260,000 nyingine. Jumla 440,000, bila oili na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) uliyomwaga. Aliyenunua nzuri tangu mwanzo alitoa 260,000 akaendelea na maisha yake.

Koili kwa upande wake inashikwa na bolti 1, dakika 5 imetoka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei mimi hujiuliza: nikikosea, kufungua tena ni dakika 5 au siku 2? Mpangilio ufuatao wa njia za kupata spea, kuanzia ninayoijaribu kwanza, umejengwa juu ya swali hilo.

1. Kiwanda kilekile, boksi jingine

Toyota hawatengenezi kila kitu wenyewe. Koili zao nyingi hutoka Denso, wota pampu Aisin, plagi Denso au NGK, oili sili NOK, metali (bearing za krenki) Taiho, ringi Riken au NPR. Kampuni hizo huuza pia kwenye maboksi yao, na bei huwa chini ya boksi lenye nembo ya Toyota. Kwa koili, plagi, wota pampu, sili, themostati na ringi, mimi huanzia hapa na mara nyingi naishia hapa.

Shida ni kwamba majina hayohayo ndiyo yanayoigwa. Niliwahi kununua plagi nne kwenye duka moja mjini, boksi linang'aa, maandishi yamekaa sawa. Wiki chache baadaye gari likawa linakohoa. Tulipozitoa, maandishi ya kwenye kauri nyeupe yalifutika kwa kidole kilicholowa petroli, na ile washa ya kwenye nyuzi ilichomoka yenyewe kama pete iliyompwaya mtu. Ya kweli washa yake imebanwa, inazunguka lakini haitoki kirahisi. Plagi moja ncha yake ya katikati ilikuwa imekaa upande, haikulenga ile ya juu. Nikazirudisha. Muuzaji akaniangalia kwa upole kabisa: "Kaka, una uhakika ulinunua hapa?" Risiti sikuwa nayo.

Siku hizi nataka risiti ya EFD, na nataka jina la kitu liandikwe, siyo "spea" tupu. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na huwezi kwenda kulalamika kwa maneno matupu.

2. Mtumba wa Japani

Wageni wa Dodoma huchanganyikiwa: Mtumba ni Mji wa Serikali, na mtumba ni kitu kilichotumika. Nazungumzia hiki cha pili.

Gari la Japani mara nyingi halichinjwi kwa kuwa injini imekufa. Kule gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima, likiwa jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi una gharama. Gari likizeeka mwenyewe huona afadhali aliachie. Vyuma vyake vinakuja huku vikiwa na umri uliobaki, na alteneta ya mtumba iliyotoka kiwandani na gari lake mimi naiamini kuliko kopi mpya.

Chukua mtumba kwa alteneta, stata, throto, manifoldi, kompresa ya AC, kontroo boksi (kompyuta ya injini) na hedi. Usichukue mtumba kwa kitu cha mpira, kitu cha kubana kati ya vyuma viwili, wala kinachosuguana muda wote: sili, gasketi, mkanda wa taimingi, wota pampu, fueli pampu. Umri wake hauonekani kwa macho.

Alteneta izungushe kwa mkono karibu na sikio, bearing iliyochoka inakwaruza. Ikishafungwa na gari likawashwa, mita iwekwe kwenye betri, isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Hedi inataka kazi zaidi. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, kwa urefu na kwa pembe, apenyeze fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota, mpindo unaoruhusiwa ni milimita 0.05, karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Muuzaji akikwambia "hiyo imenyooka, mimi mwenyewe naiona", hana jicho hilo, hakuna binadamu mwenye nalo.

Kubalianeni siku za kujaribu kabla hujatoa hela, na ziandikwe kwenye risiti. Wauzaji wengi huweka alama ya rangi kwenye spea ili usiwarudishie nyingine. Ni haki yao, wewe hakikisha tu alama imewekwa mbele yako.

3. Kufufua ulichonacho

Hii watu wanaisahau kwa sababu haina boksi. Alteneta iliyoacha kuchaji mara nyingi imeisha kaboni brashi, vipande viwili vidogo. Stata hivyohivyo. Hedi iliyopinda kidogo inasagwa na kurudi kazini, ilimradi haina ufa na haijasagwa mpaka ikaisha. Rejeta iliyoziba inaweza kuzibuliwa.

Na kwa nini inaziba? Angalia birika lako la chai. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya Mzakwe, kule Makutupora, na utando mweupe unaoukwangua kwenye birika ndio unaojijenga ndani ya rejeta ya anayejaza maji ya bomba. Nina jirani aliyebadilisha wota pampu mara mbili akilaani kopi, kumbe kila wiki anaongeza maji kwa kidumu cha nyumbani. Nunua kulanti iliyokwisha changanywa. Ndiyo spea ya injini yenye faida kuliko zote hapa kwetu.

Fundi akikwambia themostati itolewe kwa kuwa "nchi zetu ni za joto", kataa. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na gari likichemsha bado chanzo kitakuwa palepale.

4. Boksi la Toyota lenyewe

Kwa ubora hili ndilo la kwanza. Nimeliweka la 4 kwa kuwa tunabana hela. Ila kwa gasketi ya hedi, cheni ya taimingi na tenshena (kikazio) yake silibanii, kwa hesabu ile ya kufungua mara mbili. Kwenye ovahoo hununui kila kitu daraja moja: gasketi ya hedi boksi la Toyota, ringi na metali za kundi la kwanza hapo juu, alteneta ya mtumba.

5. Injini nzima ya mtumba

Jumla ya ovahoo ikikaribia bei ya injini, badilisha. Lakini pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya kila silinda, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Fungua kifuniko cha oili uchungulie: rangi ya asali iliyoiva ni sawa, tope jeusi lililoganda kama ugali wa jana ni hapana. Hakikisha kinachokuja nayo, alteneta, waya na sensa, maana wengine huuza chuma kitupu na vingine unanunua kimoja kimoja. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha, peleka taarifa TRA mapema, usisubiri siku ya kuuza.

Wenye Noah zenye injini ya D4, ile 1AZ-FSE, wasikilize vizuri hapa. Injini hiyo inajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka ndani ya bloku. Ikichemsha mara kwa mara, fundi aangalie nyuzi hizo kabla hujanunua gasketi ya tatu.

6. Kopi

Klipu, vifuniko vya plastiki, chupa ya maji ya waipa. Basi. Najua mtu atataja filta ya hewa, mbona ni karatasi tu. Nenda Chamwino vijijini mwezi wa 9 ufuate lori kwa dakika 20, halafu ufungue boksi la filta. Ile isiyokaa sawa kwenye kingo zake inapitisha vumbi laini moja kwa moja mpaka kwenye ringi, na ringi ukizifuata ni siku 2 hadi 3 gereji. Filta ya oili pia siifanyii mzaha: ya kweli ina valvu inayozuia oili isishuke yote gari likilala, na injini asubuhi haiwaki kavu.

Dar au hapahapa?

Kariakoo kule Gerezani, na Ilala kwa mitumba, bei iko chini na uchaguzi ni mkubwa. Tangu treni ya SGR ianze 2024, unaweza kuondoka alfajiri na kurudi usiku. Ila kwa koili moja nauli inameza faida yote, na winga atakayekupokea mlangoni naye anakula humo humo. Mimi hukusanya orodha mpaka ifike vitu vitano au sita, au kununua kwa pamoja na wenzangu watatu wenye NCP60.

Ukiagiza kwa simu, taka video siyo picha, namba isomwe iliyogongwa kwenye spea yenyewe, siyo ya kwenye boksi. Mzigo ukishapakiwa kwenye basi, uliza jina la basi na namba ya gari, na uufungue palepale stendi ya Nanenane kabla basi halijaendelea na safari.

Na spea iliyotolewa, idai. Kwanza unajua imebadilishwa kweli. Pili, ile koili yangu iliyokufa bado iko kwenye kisanduku cha mbele cha gari, na ndiyo ninayoiweka juu ya kaunta nikiulizwa "ya gari gani, mheshimiwa?" Namba yake bado inasomeka: 90919-02240.