Spektrofotomita ya mwali mmoja: inatosha kupimia rangi ya mvinyo wa Dodoma?

Inatosha, ukijua inapodanganya. Mashine hizi za nanomita 325 hadi 1000 (urefu wa mawimbi ya mwanga), zenye taa ya halojeni, hupima mwanga uliomezwa na sampuli: kipimo 1 maana yake asilimia 10 tu imepenya, 2 ni asilimia 1. Kwenye 2 ndipo shida ilipo. Mwanga wowote unaovuja ndani ya mashine hufika kwenye kihisi na kushusha jibu, wala hutaona onyo.

Mvinyo mwekundu mzito kwenye kuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) ya sentimita 1 huvuka 2 kirahisi. Usiuzimue kwa maji. Uasidi ukibadilika, rangi nayo hubadilika. Tumia kuveti ya milimita 1, pima kwenye nanomita 420, 520 na 620, zidisha kila jibu kwa 10, kisha jumlisha kupata ukali wa rangi.

Kabla ya kulipa, dai jaribio la mrututu (kopa salfeti): gramu 12.5 za mrututu wa maabara (si ule wanaopulizia mizabibu) katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Kwenye nanomita 810, kwa kuveti ya sentimita 1, mashine itoe karibu 0.6, ukizimua nusu kwa nusu, 0.3. Isiposhuka hivyo, iache hapohapo dukani.

Iwashe dakika 30 kabla ya kuweka sifuri. Stabilaiza ni lazima: umeme ukiyumba taa huyumba, na mwali mmoja hauna mwenzake wa kulinganishwa naye. Vumbi la kiangazi huganda kwenye kuveti, kwa hiyo futa kwa kitambaa laini na ushike pande zenye ukungu tu.