Kozi ya mchoro wa mashine na otomesheni: nina hasira, ila someni mpaka mwisho

Niseme mapema kwa wenye haraka: kama una laki tatu na nusu ulizozidunduliza na unataka kujifunza otomesheni, yaani kuzifanya mashine zijiendeshe zenyewe kwa programu, usizipeleke pale nilipozipeleka mimi. Jina la chuo sitalitaja. Nina sababu, na mtaiona huko mbele.

Mimi ni mtu wa mitambo. Nilijifunza kukereza VETA, nikaajiriwa kiwandani upande wa barabara ya Pugu, na mpaka leo mikono inanuka grisi hata Jumapili. Zamani hiyo ilitosha. Siku hizi mashine ikigoma, sisi wa spana tunasogea pembeni, anaitwa kijana mwenye kompyuta mpakato, anachomeka waya wake, anatazama kioo, anasema sensa fulani, kile kihisio cha mashine, haisomi. Mara nyingi tatizo lenyewe ni la kwetu kabisa, kishikio cha sensa kimelegea nati. Lakini nani atakuuliza wakati lugha yake huijui? Kwa hiyo niliposikia kuna kozi ya jioni ya mafundi walio kazini, mchoro wa mashine na otomesheni kwa pamoja, nililipa wiki ileile. Ilikuwa mwaka jana, masika yameshaanza. Nakumbuka kwa sababu siku ya kwanza niliingia darasani viatu vimejaa tope la Buguruni.

Nianze na otomesheni, maana ndiyo iliyonikaa kooni.

Jioni mbili nzima tuliandika imla. Kwamba mwaka 1968 Mmarekani Dick Morley alibuni kidhibiti ambacho leo tunakiita PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mashine kwa programu, kwamba General Motors walikuwa wamechoka kufumua makabati ya rilei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, kila gari linapobadilishwa muundo, kwamba cha kwanza kiliitwa Modicon 084 kwa kuwa ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni ya Morley, Bedford Associates. Historia tamu, sikatai. Lakini mimi nilikuja kushika.

Mtambo wa kushika ulikuwa mmoja, na sisi tulikuwa ishirini na saba. Hilo ningelisamehe. Vifaa ni ghali na vyuo vyetu tunavijua. Tuligawanywa makundi, tukasubiri zamu.

Zamu yetu ikafika. Kazi yenyewe rahisi: bonyeza kijani, silinda ya hewa itoke, ikifika mwisho sensa iione, irudi, itoke tena, mpaka mtu abonyeze kitufe chekundu cha dharura. Niliandika programu mimi, kwa ile lugha ya ngazi, inayochorwa kama vidato vya ngazi, na ikaenda vizuri. Wenzangu wakapiga makofi. Nikabonyeza chekundu.

Silinda ikaendelea.

Nikabonyeza tena, kwa kiganja chote. Inatoka, inarudi. Inatoka, inarudi. Nikainama kuchungulia nyuma ya ubao. Waya mmoja wa buluu ulikuwa umechomoka kwenye kile kitufe, unaning'inia, nyuzi zake za shaba zimechanua kama brashi iliyozeeka.

Mkufunzi alifunga hewa, akasema, "Waya umechomoka. Rudisheni, kundi linalofuata waje."

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Waya wa dharura ukichomoka, mashine si ilitakiwa isimame yenyewe?"

"Isimame kwa nini? Nani kaiambia isimame?"

"Kiwandani waya ukikatika usiku..."

"Subiri. Wewe ni wa umeme au wa makenika?"

"Makenika."

"Basi baki na spana zako. Mnadandia mambo ya watu, halafu mnatuletea maswali ambayo hata kwenye mtihani hayapo."

Darasa likaangua kicheko. Watu wazima, wenye watoto, wenye ovaroli ndani ya mabegi, wakacheka.

Naomba mnielewe kwa nini jambo hili sikulimeza. Miaka kadhaa nyuma, zamu ya usiku, mwenzangu alinaswa shati la ovaroli na mnyororo wa konveya. Aliyekimbilia kitufe cha dharura ni mimi. Nilikibonyeza. Konveya ikaendelea kwenda na mkono wake. Aliyemwokoa ni fundi umeme aliyeikimbilia swichi kubwa ya ukutani, hatua kama kumi na tano hivi. Hatua kumi na tano ni nyingi sana. Alipoteza vidole viwili. Asubuhi kitufe kilipofunguliwa, waya ulikuwa umeliwa na kutu, umeachia, na hakuna aliyejua umeachia tangu lini. Kitufe cha namna ile kinaweza kufa mwaka mzima na bado kikaendelea kung'aa wekundu wake pale.

Sasa nieleze, maana hili mtu yeyote wa kiwandani anapaswa kulijua. Kitufe cha dharura kina namna mbili za kuunganishwa. Ya kwanza: kinakaa wazi, umeme haupiti, na kinapitisha pale tu unapokibonyeza. Ya pili: kinakaa kimefunga, volti 24 zinapita humo saa zote, na ukibonyeza unazikata. Kwa namna ya kwanza waya ukikatika PLC haioni kitu, inadhani hali shwari. Kwa namna ya pili waya ukikatika ni sawasawa na mtu kubonyeza, kila kitu kinasimama. Ndiyo maana dharura huunganishwa kwa namna ya pili. Na hata hapo haitakiwi kuitegemea programu peke yake, inatakiwa ikate yenyewe nguvu inayoendesha mota au valvu. Ubao wetu wa mafunzo ulikuwa namna ya kwanza. Watu ishirini na saba tulikuwa tunafundishwa kufunga mtego.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mkufunzi huyohuyo, wiki moja kabla, alituandikisha kwa nini ishara ya sensa ya presha huanzia miliampia 4 mpaka 20 badala ya kuanzia 0. Ni ili waya ukikatika, isome 0, ijulikane kuna hitilafu. Wazo ni lilelile! Jibu la swali langu lilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Angelifungua ukurasa mmoja nyuma tungelielewana. Akachagua kuniuliza mimi ni wa kabila gani la ufundi.

Kwa hiyo nasema tena, msiende.

Lakini nitakuwa mwizi wa fadhila nikiishia hapo, kwa sababu ukumbi wa pili, ng'ambo ya korido, palikuwa na mzee wa mchoro wa mashine.

Huyu mzee mchoro wako hausahihishi kwa kuutazama. Anauchukua, anavuta kiti, anajifanya yeye ndiye mkerezaji wa Gerezani, ule mtaa wa mafundi hapa Dar, uliyempelekea kazi, anaanza kukuhoji. Hapa nitoboe kina gani? Uzi huu wa M10, hatua yake 1.5 au ule mwembamba? Kona hii niikate au niiache kali? Ukifungua mdomo kumjibu anakukatiza: "Mwanangu, mimi niko Gerezani, wewe uko kiwandani, na simu yangu haina chaji. Nijibu kwenye karatasi." Basi unarudi mezani, unanoa penseli yako ya 2H kwenye msasa, unaanza upya.

Siku moja alitupa kuchora shafti ya kuvaa beringi ya 6205, ile ya tundu la milimita 25. Nikachora, nikaandika kipenyo 25, nikajiona nimemaliza. Akasema, "Nimekereza. Nimekuletea 24.9. Unanilipa hunilipi?" Nikasema silipi, ni ndogo. "Wapi umeniandikia kwamba ni ndogo?" Nikanyamaza. Akaniuliza beringi ikivaa shafti hiyo itafanyaje. Hilo nalijua kwa mikono: ringi ya ndani itateleza juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, itaila taratibu, siku moja utakuta unga wa chuma na joto. Ndipo akatuonyesha k6, alama ya kuandika kwenye mchoro kusema shafti ikaze kiasi gani. Kwa kipenyo hicho, shafti isipungue 25.002, isizidi 25.015. Nafasi ya sehemu 13 katika elfu za milimita, na unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Miaka yote niliyokereza nilikuwa napewa maagizo ya "kaza kidogo" na "iingie kwa nyundo ya mbao". Sikuwahi kujua kwamba kukaza kidogo kuna namba.

Na kuna hili la mtazamo wa mchoro. Kipindi fulani tulipeleka Gerezani mchoro wa kishikio cha alumini, mashine yenyewe ilitoka Marekani. Kikarudi kimechongwa vizuri sana, tundu likiwa upande usio wake. Nilimfokea yule fundi mbele ya wateja wake, nikamwambia hajui kusoma mchoro. Darasani kwa mzee ndipo nikaelewa kilichotokea. Wamarekani huchora kwa mtazamo wa pembe ya tatu: umbo linaloonekana kutoka kulia huwekwa kulia. Sisi wengi tumelelewa na pembe ya kwanza, ambapo umbo la kulia ni lile ulilolitazama kutoka kushoto. Mchoro uleule, mikono miwili tofauti, tundu linahama upande. Na alama ya kukuambia ni mtazamo upi ilikuwepo kwenye kona ya karatasi siku zote, ile koni iliyokatwa kichwa na duara mbili kando yake. Mimi niliyebeba karatasi sikuitazama. Jumamosi iliyofuata nilipita Gerezani nikamwomba radhi. Alikuwa hata ameshasahau. Mimi nilikuwa sijasahau.

Kwa hiyo kwa mchoro peke yake, nenda. Nasema kwa moyo wote, uza kuku, nenda.

Ila sijamaliza. Baada ya ile siku ya kuchekwa nilikuwa nakaa nyuma bila kusema neno. Mzee akaliona. Siku hiyo wengine walipotoka nilimpa shikamoo, nikataka kupita, akanizuia mlangoni akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote. Hakusema kitu kuhusu mwenzake, hata neno moja. Alichukua funguo, tukaenda maabara wawili, akawasha tochi ya simu akaielekeza nyuma ya ule ubao.

"Kitufe hicho kina skrubu ngapi?"

Nne. Kontakti mbili: moja inayokaa wazi, moja inayokaa imefunga. Ile ya pili haijawahi kuguswa, skrubu zake bado zinang'aa. Ilikuwepo muda wote!

Nikahamisha waya mbili kwa bisibisi yake ndogo. Nikafungua programu, nikabadilisha alama moja kwenye ngazi, moja tu. Tukafungua hewa. Silinda ikatoka, ikarudi, ikatoka. Mzee hakubonyeza kitufe. Alipitisha mkono wake nyuma, akauvuta waya wa buluu ukachomoka.

Silinda ikarudi ndani, ikatulia. Kimya. Tulisikia kompresa peke yake huko kibarazani. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga, kwa sababu ya yule mwenzangu. Dakika kumi za kazi, hata hazikufika.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipopata makao ya kudumu. Wiki iliyofuata nilikuta waya zimerudishwa kama zilivyokuwa. Mkufunzi alisema kuna mtu amechezea mtambo, na kwamba mwongozo unaonyesha kuunganisha vile, na atakayegusa tena hatafanya mtihani. Sikujitaja, wala sitaki mzee aulizwe, maana alichonifanyia hakikuwa na kibali. Mnaona sasa kwa nini silitaji jina la chuo.

Ninyi mnaotafuta kozi, popote pale, kabla hamjalipa ombeni kuonyeshwa mtambo. Washeni, chomoeni waya mmoja wa kitufe chekundu, tazameni. Ukisimama, ulizeni ada. Wakikataa msichomoe, chukueni nauli yenu mrudi nyumbani. Nimeifanya kazi hiyo kiwandani kwetu pia, kwa ruhusa, kila mashine, konveya moja moja. Mbili hazikusimama. Zimerekebishwa.

Sasa mtaniuliza nasema nendeni au msiende. Jana nilipita pale kufuata cheti. Ubaoni pamebandikwa ngazi ya pili: mchoro wa maunganisho na otomesheni tena, wakufunzi walewale. Nilisimama hapo muda mrefu. Mzee amebakiza muda mfupi astaafu, na sijui nani mwingine atanihoji kama mkerezaji wa Gerezani.

Nimelipa nusu ada. Bisibisi ndogo nimenunua ya kwangu, iko ndani ya begi.