Kutoa kutu kwenye Ford Model A ya 1930: nilichotumia na ninachoweza kulipia tena

Kwa anayetaka jibu tu: ukinunua gari la zamani la Kimarekani lililoliwa na kutu ukitaka kuligeuza hot rod, yaani gari la zamani lililovuliwa vitu na kufungwa injini yenye nguvu, pesa yako ya kwanza iende kwenye kutoa kutu. Injini, rimu na rangi zisubiri. Nimejaribu njia nne kwenye gari moja, na zimetofautiana sana kwa matokeo na kwa gharama.

Gari lenyewe ni Ford Model A ya 1930, aina ya Tudor, milango miwili na siti ya nyuma ya watu wawili au watatu. Nimelipata hapa Ohio ninakoishi, kwenye banda la shamba lenye sakafu ya udongo. Hiyo sakafu ndiyo iliyolimaliza. Unyevu hupanda kutoka chini usiku na mchana, kwa hiyo madirisha na boneti vilikuwa vizima kabisa, lakini sehemu ya chini, kama upana wa viganja viwili kuzunguka bodi yote, unaweza kuitoboa kwa bisibisi. Kisha paa. Magari ya Ford ya miaka hiyo hayakuwa na bati katikati ya paa. Kulikuwa na mbao, wavu wa waya, na kitambaa kisichopitisha maji juu yake. Kitambaa kikichanika, mvua inateremka ndani ya kuta na kutuama kwenye reli mbili za chuma zinazobeba bodi juu ya chasisi. Ukienda kutazama Model A ya kununua, achana na rangi, lala chini uguse reli hizo. Zikiwa zimeoza, bodi haina msingi, hata kama inang'aa.

Wengi huniuliza kwa nini nisilirudishe lilivyokuwa. Nawaheshimu wanaofanya hivyo, lakini gari hili halikuwa na injini yake, nusu ya ndani haikuwepo, na Tudor ndiyo aina iliyotoka kwa wingi kiwandani. Hot rod nayo ina historia yake. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakivua madigadi ya Ford za bei rahisi na kuzikimbiza kwenye maziwa makavu kama Muroc tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA (Southern California Timing Association), ambacho bado kinaendesha mashindano. Baada ya 1945 waliorudi jeshini na ufundi mikononi wakaongeza kasi ya jambo hilo. Kuweka injini ya V8, yenye silinda nane, ndani ya Model A ni kuendeleza walichoanza wao.

Sasa njia zenyewe.

Chasisi niliipeleka kupigwa mchanga, na hii ndiyo huduma ninayoisifu kuliko zote. Nasema mchanga kwa mazoea. Fundi mzuri siku hizi hatumii mchanga wa kawaida, kwa sababu vumbi lake la silika huharibu mapafu moja kwa moja. Huyu wangu alitumia vioo vilivyosagwa. Chasisi ya Model A ni chuma kinene, reli mbili ndefu na vyuma vichache vya kukatiza, kwa hiyo inavumilia presha kubwa. Ilitoka ya kijivu, safi, na nyufa mbili zilizokuwa zimefichwa na kutu na grisi zikaonekana kando ya matundu ya riveti. Ningepaka rangi juu ya nyufa zile na kufunga V8 yenye nguvu mara mbili na nusu ya injini ya zamani, ningekuwa naendesha hatari. Jambo moja la kupanga mapema: chuma kilichopigwa hivyo kiko uchi, na hewa yenye unyevu hukirudishia kutu ndani ya saa chache. Nilikubaliana na fundi apige praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku ileile kabla chasisi haijatoka karakanani. Lipia hiyo nyongeza. Praima za kawaida zina vitundu vidogo vinavyonyonya maji, epoksi inafunga.

Bati la bodi ni habari nyingine. Karakana ya pili, ambayo siitaji jina, ilichukua milango yangu miwili na kuipiga kama ilivyo chasisi, presha ya juu na mdomo wa bomba karibu. Bati pana likipigwa hivyo linatanuka upande mmoja, linavimba. Mlango mmoja ulirudi na tumbo katikati, na kuunyoosha kwa nyundo na chuma cha kuegemeza kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya kuchomelea upande ule. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu mlango au paa, muulize anatumia nini kwenye bati jembamba, kwa presha gani, na umbali gani. Asipokuwa na jibu la haraka, rudi na mlango wako nyumbani.

Kwa vitu vidogo nimetumia Evapo-Rust na nitaendelea kuitumia. Ni maji tu yenye kemikali inayoshika kutu na kuacha chuma peke yake. Haina asidi kali, haiunguzi ngozi, haina harufu ya kukutoa gerejini. Bawaba, komeo za milango, mikono ya madirisha, bolti za zamani za Ford zenye alama yake kichwani, vyote nilivitumbukiza jioni na asubuhi nikavikuta vimebaki chuma kitupu. Lazima kitu kizame chote, kwa sababu pale inapokutana na hewa hubaki mstari. Lazima pia uoshe grisi kwanza, na gereji iwe na joto: chini ya nyuzi 18 za Selsiasi hivi kazi hupungua sana, nami nilithibitisha hilo majira ya baridi ya Ohio. Vyuma vyenye kaboni nyingi, kama springi, hutoka na utando mweusi unaofutika. Maji yakishakuwa meusi kabisa na hayafanyi kitu, yamekwisha nguvu. Kasoro yake ni bei. Kwa komeo ni nafuu, kwa digadi nzima utahitaji kujaza pipa, na hapo hesabu haikubali.

Ndiyo maana madigadi niliyatoa kutu kwa umeme. Njia hii karibu ni ya bure, na ingemfaa hata mtu wa Tanga au Mombasa mwenye Land Rover iliyoliwa na hewa ya chumvi. Chukua chombo kikubwa cha plastiki, maji, na magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Waya wa hasi wa chaja ya betri unafungwa kwenye kitu chenye kutu, waya wa chanya kwenye vipande vya chuma cha kawaida ulivyovipanga pembeni bila kugusana nacho. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya hata siku moja, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Chaja za kisasa zenye akili hukataa kuwaka zisipoona betri, tafuta ya zamani. Mapovu unayoyaona ni haidrojeni, kwa hiyo fungua mlango wa gereji na usiwashe moto wala kuchomelea karibu. Digadi yangu ya kushoto iliingia imevaa magamba, ikatoka na ngozi nyeusi inayosuguliwa kwa brashi na maji, bati halikupinda hata kidogo. Kama una subira, hakuna njia inayolihurumia bati kama hii.

Ya nne ni POR-15, rangi maarufu ya kupaka juu ya kutu. Hapa nataka kusema polepole kwa sababu watu wengi huitumia kukimbia kazi. Ni rangi nzuri mno, ngumu, na cha ajabu ni kwamba hukaushwa na unyevu wa hewa badala ya kuharibiwa nao. Nimeipaka ndani ya reli za chasisi ambako mchanga haukufika, na chini ya sakafu. Lakini inataka hatua zake zote: kuosha grisi, kupaka dawa ya kuandaa chuma, kukausha kabisa, ndipo rangi, mipako miwili myembamba. Jua huichujua na kuibadilisha, kwa hiyo ikionekana nje inahitaji rangi nyingine juu yake. Vaa barakoa ya kweli yenye vichujio, kwa sababu ina isosiyaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na vaa glavu, ikikauka kwenye ngozi itabaki hadi ngozi yenyewe ibanduke. Futa ukingo wa kopo kabla ya kufunika, la sivyo hutalifungua tena. Kwa paneli za nje siipendekezi. Bati lililooza likatwe.

Na kukata ndiko nilikofika. Uzuri wa Model A ni kwamba bado zinatengenezewa vipande. Hapa Ohio kuna Brookville Roadster, katika mji wa Brookville karibu na Dayton, wanaofyatua hata bodi nzima mpya za chuma za Model A roadster, ile aina ya wazi isiyo na paa gumu. Vipande vya chini vya milango na kona za mbele nilivyopata kwao vilikaa vizuri, mikunjo ikifuatana na ya Ford, vikihitaji kusogezwa kidogo tu. Vingine vya bei ya chini nilivyonunua kwingine vilikuwa vya bati jembamba na mkunjo uliolegea, nikavirudisha. Kwenye kuchomelea, weka vidoti, ruka upande wa pili, ngoja kipoe, rudi. Ukivuta mstari mmoja mrefu joto litapindisha mlango mzima. Hili nililijua tangu nikimtazama mjomba wangu akichomelea mabasi nyumbani, na kwenye bati la mwaka 1930 sheria ni ileile.

Kutu niliyokuwa siitarajii ilikuwa ndani ya injini. Nilichagua Ford V8 ya valvu za pembeni, ile wanayoiita flathead, ya 1951, inchi za ujazo 239 na nguvu za farasi 100. Injini ya Model A yenyewe ilikuwa na 40. Ford waliileta V8 hii mwaka 1932, na ni injini iliyowapa wanahot rod mwanzo wao. Sifa yake mbaya ni joto. Moshi wa moto hupita katikati ya bloki, yaani mwili wa injini, ukizungukwa na maji, kabla ya kutoka, na silinda mbili za katikati kila upande hushirikiana njia moja. Sasa weka ndani ya njia hizo za maji miongo saba ya magamba ya kutu, pamoja na mchanga wa kalibu ambao mara nyingi haukutolewa wote kiwandani. Wengi hununua rejeta kubwa na feni mbili kumbe maji hayapiti. Karakana ya mashine niliyoitumia iliichemsha bloki, ikachokonoa njia zote kwa waya, na tope lililotoka lilijaza ndoo nusu. Kisha wakaikagua kwa sumaku na unga wa chuma kutafuta nyufa, ambazo kwenye flathead hupenda kujitokeza kati ya kiti cha valvu na silinda. Ukaguzi huo ulipie kabla hujanunua hata pistoni moja. Yangu ilipita. Leo inapanda kilima Julai, sindano ya joto imetulia.

Breki za Model A ni za fimbo, hazina mafuta, na hazifai kwa nguvu hizi. Ford hawakuweka breki za mafuta hadi modeli za 1939. Nimefunga za aina ya Ford ya 1940 kama walivyofanya wazee wa California, na sioni nafasi ya kujadili jambo hilo. Umeme pia nimeutoa volti 6 kwenda 12.

Kama uko karibu na Columbus, Ohio, mwezi Julai, maonyesho ya Goodguys huleta maelfu ya magari haya, na gulio la vipuri la Hershey, Pennsylvania, huwa Oktoba. Nenda na orodha na vipimo vyako. Komeo za milango nilizokosa kote nilizipata mezani kwa mzee mmoja aliyenieleza pia namna ya kuzirekebisha, bila kunitoza hata senti kwa maelezo.

Kwa kurudia, ningelipia tena kupigwa kwa chasisi na epoksi siku ileile, ukaguzi wa bloki, na Evapo-Rust kwa vidogo. Bodi nisingempa tena mtu nisiyemwona akifanya kazi. Na kabla hujapaka chochote kwenye chasisi: namba ya Model A imegongwa juu ya reli ya kushoto, mahali panapofunikwa na bodi, na ilikuwa sawa na namba ya injini yake. Hati nyingi za zamani ziliandikwa kwa namba ya injini. Ukiwa umeinua bodi, isugue taratibu kwa mkono, ipige picha ikiwa wazi, uilinganishe na hati, kisha uizibe kwa utepe kabla fundi hajaanza kupiga. Mchanga huifuta, na rangi nene huijaza.