Kuziba Ukuta Uliobomoka Kuzunguka Swichi ya Taa: Ununue Nini Kwanza?

Kabla ya kununua chochote, chukua rula upime mambo mawili: plasta imebomoka umbali gani nje ya ukingo wa kava ya swichi, na shimo lina kina gani. Vipimo hivyo ndivyo vinavyochagua kifaa. Kitu kinachoziba vizuri ufa wa milimita 2 kitapasuka na kudondoka ukikijaza kwenye shimo la sentimita 3.

Kisha tafuta sababu. Kava yenye doa la kahawia au inayopata joto huenda ina waya uliolegea ndani. Hapo mwite fundi umeme, ukuta usubiri. Plasta inayovimba na kutoa unga mweupe wa chumvi ina unyevu, na hakuna puti itakayoishika mpaka unyevu ukomeshwe. Halafu bonyeza swichi mara kadhaa ukiangalia boksi lililo ukutani: likicheza, kaza boksi kwanza. Watu wengi huruka hatua hii, kisha ufa uleule hurudi baada ya muda mfupi kwa sababu kila mbonyezo unaitikisa plasta mpya.

1. Puti ya unga

Kwa nyumba nyingi hiki ndicho cha kununua. Hujaza kina cha hadi sentimita 1 hivi bila shida, hupigika msasa, na hupokea rangi. Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mfano wa kava ya mraba ya milimita 86, iliyozungukwa na bomoko la upana wa sentimita 2 na kina cha sentimita 1: nafasi hiyo ni kama mililita 85 tu. Pakiti ya nusu kilo itatosha na kubaki, kwa hiyo usibebe mfuko wa kilo 20 kwa sababu ya swichi moja.

Zima meni swichi, si swichi ya taa pekee, kisha hakikisha kwa tesita kwamba umeme haupo. Fungua skrubu mbili, vuta kava mbele kidogo, na uzibe mdomo wa boksi kwa tepu ya karatasi. Puti ikiingia ndani huziba matundu ya skrubu na kuzigandisha nyaya, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuichokoa yote. Kwangua kila kipande kilicholegea hata kama shimo litapanuka. Puti iliyopakwa juu ya plasta iliyokufa hudondoka nayo. Toa vumbi kwa brashi, lowesha kingo kwa maji kidogo, kwani plasta kavu hufyonza maji ya puti kabla haijashika.

Changanya takriban sehemu mbili na nusu za unga kwa sehemu moja ya maji, ila maelekezo ya pakiti yakitofautiana, fuata pakiti. Mimina unga ndani ya maji ili madonge yasijitengeneze. Jaza kwa tabaka la milimita 3 hadi 5, acha likauke, ndipo uongeze jingine. Tabaka la mwisho lipite usawa wa ukuta kwa kama milimita 1, maana puti husinyaa. Piga msasa namba 120, malizia kwa 180 au 240.

Kosa linaloharibu kazi nzuri hutokea wakati wa kurudisha kava. Kukiwa na kinundu nyuma yake na ukakaza skrubu kwa nguvu, plastiki hupasuka. Pitisha rula juu ya eneo lote kwanza, na punguza palipoinuka.

2. Kava pana au fremu ya kuzungushia swichi

Hii inafaa kwa nyumba ya kupanga, au pale ambapo hutaki kugusa rangi. Haitengenezi ukuta, inauficha, na kwa bomoko dogo hilo linatosha. Kava za mstatili za milimita 70 kwa 114 zina toleo kubwa la takriban milimita 89 kwa 133, linaloongeza kama milimita 10 kila upande. Kwa swichi za mraba za milimita 86 nunua fremu bapa inayobanwa nyuma ya kava. Kava ya upana pacha ni ya milimita 146 kwa 86, hivyo usinunue fremu kwa kukisia.

Fremu lazima ipite ukingo wa bomoko kwa angalau milimita 5 kila upande, na iegemee plasta iliyo imara. Chagua ya plastiki. Ya chuma inahitaji kuunganishwa na waya wa ethi (waya wa ardhini), kazi ambayo ni ya fundi umeme.

Jambo linalosahaulika ni skrubu. Fremu ya milimita 3 hula milimita 3 za urefu wa skrubu, na ile ya zamani huenda isishike. Kwa boksi za kava za mraba, skrubu ni za unene wa milimita 3.5, nunua zilizo ndefu kidogo, ziingie angalau mizunguko mitano kwenye tundu la skrubu la boksi. Ndefu kupita kiasi nazo ni hatari, kwa sababu ncha inaweza kuchubua waya.

Ukikata fremu mwenyewe, tumia karatasi ya plastiki ngumu au akriliki ya milimita 3. Kadibodi haifai: hunyonya unyevu, hujikunja, na hushika moto.

3. Jipsamu ya plasta

Nunua hii kwa shimo la kina cha zaidi ya sentimita 1, tena ukiwa tayari kufanya kazi haraka. Aina nyingi hushika ndani ya nusu saa, kwa hiyo changanya kiasi cha kiganja tu kila mara. Ikishaanza kuganda usiiongezee maji. Itakuwa laini tena machoni lakini itabaki dhaifu. Jaza hadi milimita 2 chini ya usawa wa ukuta, kisha malizia kwa puti.

Kwenye ukuta wa bodi ya jipsamu, bandika kwanza tepu ya wavu juu ya ufa. Pasipo wavu, ufa hujichora upya.

4. Puti iliyochanganywa tayari

Ni rahisi kutumia, na inatosha kwa mikwaruzo na mashimo ya milimita 2 au 3. Kwenye shimo la kina hukauka juu, ikabaki mbichi ndani, kisha ikapasuka.

5. Akriliki ya kujazia nyufa

Hukamuliwa kutoka kwenye mrija, na kazi yake ni moja: ufa mwembamba kati ya kava na ukuta. Soma maandishi ya mrija kwa makini uhakikishe kuwa inapakika rangi, maana silikoni ya kawaida huikataa rangi kabisa.

Sementi na mchanga nimeviacha nje ya orodha kwa makusudi. Kwenye kiraka chembamba kama hiki sementi hukauka kabla haijakomaa, ikapasuka pembeni. Povu la kupuliza nalo liache: huvimba, huingia ndani ya boksi, na kuzishika nyaya.

Bajeti ya rangi isisahaulike. Puti isiyopakwa praima (rangi ya msingi) hunyonya rangi na kuacha doa lisilong'aa, kwa hiyo paka praima kwenye kiraka, kisha tabaka mbili za rangi. Na kama rangi ya ukuta imeshapauka, hata kopo jipya la namba ileile litaonekana tofauti. Paka ukuta huo mzima, kona hadi kona.