Gold Standard 100% Whey: unga wa kuaminika, kwa mnunuzi aliyekwisha kupiga hesabu ya chakula chake

Anayeingia katika duka la virutubisho vya wanamichezo, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hukuta rafu iliyojaa makopo makubwa yanayofanana kwa nje, ilhali yaliyomo ndani yanatofautiana mno. Kopo ninalolizungumzia hapa ni la unga wa protini uitwao Gold Standard 100% Whey, ladha ya chokoleti, la kampuni ya Optimum Nutrition ya Marekani, ambayo tangu mwaka 2008 inamilikiwa na Glanbia ya Ayalandi. Nimelitumia kwa muda wa kutosha kuridhika nalo, ingawa siwezi kumshauri kila anayenyanyua vyuma alinunue.

Sifa yake kubwa inaonekana kwenye jedwali la lishe lililo ubavuni. Kijiko kimoja cha kupimia, chenye uzito wa takriban gramu 31, kinatoa gramu 24 za protini na kalori 120 hivi, maana yake zaidi ya robo tatu ya unga unaolipia ni protini yenyewe. Linganisha na Serious Mass, bidhaa ya kampuni hiyohiyo inayouzwa kwa wanaotaka kuongeza uzito: mgao mmoja una gramu 334 na kalori 1,250, lakini protini ni gramu 50 tu, isiyofika hata moja ya sita ya uzito wote. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga, hasa maltodekstrini, na sioni kwa nini kijana mwembamba alipie wanga kwa bei ya dukani wakati ugali, viazi vitamu na ndizi vinapatikana sokoni. Kopo kubwa zaidi rafuni mara nyingi ndilo lenye protini haba zaidi kwa kila shilingi, na wauzaji wengi hawana haraka ya kukueleza hivyo.

Baada ya jedwali, isomwe orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Katika mchanganyiko wa kopo hili inatangulia protini iliyotengwa (isolate), ndipo inafuata iliyokolezwa tu (concentrate). Zote mbili hutokana na whey, yaani maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengenezea jibini, ila ile iliyotengwa husafishwa zaidi hadi kufikia asilimia 90 au zaidi ya protini, na laktosi, yaani sukari ya maziwa, inayobaki ndani yake ni kidogo sana. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa kuwa Waafrika wengi wakishakuwa watu wazima maziwa huwajaza tumbo gesi. Unga wenye protini iliyokolezwa peke yake huwa na bei nafuu, lakini kwa tumbo la namna hiyo nafuu hiyo haina faida. Ukikuta glisini au taurini katika orodha ya unga wa bei ya chini, shuku. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, na amino asidi hizo za bei rahisi huongeza naitrojeni bila kuongeza protini kamili.

Kuhusu matumizi, tia maji kwanza kwenye chupa ya kutikisia, kisha unga, kwani ukianza na unga utabaki umeganda kwenye pembe za chini. Ukitikiswa vizuri huyeyuka bila mabonge na kuacha povu jembamba juu. Ladha ni ya kakao, na utamu wake, unaotokana na viongeza utamu bandia, hukaa ulimini muda mrefu kuliko ninavyopenda. Kwa maziwa baridi hunyweka vizuri zaidi. Katika uji wa moto hukatika na kuwa vipande vidogo kama yai lililovurugwa; lishe haipotei, lakini kuumeza ni kazi, hivyo uji uachwe upoe kwanza.

Je, unahitajika? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika British Journal of Sports Medicine ulionyesha kwamba, kwa wanaofanya mazoezi ya nguvu, faida ya protini kwa misuli haiongezeki sana ukishapita takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Mayai matatu humpa gramu 18 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, bilauri ya maziwa 8, na kipande kizuri cha samaki au kuku 35 au zaidi. Wali, mkate na ugali navyo huongeza kidogo kidogo hadi akakaribia 90. Pengo linalobaki linazibwa na kijiko kimoja. Anayekula hivyo kila siku hana sababu ya kunywa vijiko vitatu, na mwenye ugonjwa wa figo asianze hata kimoja kabla ya kumwona daktari.

Bei ndiyo inayonifanya nisite. Kopo la gramu 907 lina migao kama 29, yaani gramu 700 hivi za protini, kiasi kinachopatikana katika trei nne za mayai. Uliza bei ya trei mtaani kwako, zidisha kwa nne, kisha tazama bei ya kopo. Kwa upande wangu mayai hushinda, na dagaa wakavu huyashinda mayai. Kinacholipiwa hapa ni wepesi: mtu anayetoka mazoezini saa tatu usiku, au anayeshinda barabarani, hapati jiko la kuchemshia mayai.

Ukiamua kununua, hakikisha karatasi ya kuziba mdomo chini ya kifuniko haijaguswa, na tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa moja kwa moja kwenye kopo, si kwenye kibandiko kilichoongezwa baadaye. Unga unaopimwa na kuuzwa kwenye vifuko vya nailoni niliuonja katika jimu moja; ulikuwa na chokoleti nyingi na haukuwa na maandishi yoyote, hivyo hapakuwa na namna ya kujua ni unga gani. Kopo la kilo 2.27 la unga huuhuu kwa kawaida hutoa nafuu kwa kila gramu, lakini kwa unyevunyevu wa pwani, na kwa mtu anayekunywa peke yake, lile dogo linafaa zaidi.