Kipimo cha macho mekundu cha dakika 10: uzoefu wangu Nairobi

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Nashika nyuso za watu kila wikendi, kwa hiyo siku niliyoamka jicho la kushoto limegandana kwa matongo, sikuwaza dawa kwanza. Niliwaza wateja: je, nitawaambukiza? Binti yangu naye alikuwa akijikuna macho yote mawili, na kwa kuwa jacaranda za mtaani zilikuwa zimechanua, kila jirani alikuwa na jibu lake. Shangazi wa mlango wa pili alitushauri tuyaoshe kwa chai ya rangi. Tukamshukuru, tukaenda kliniki ya macho Upper Hill.

Kipimo kinatafuta kwenye machozi adenovirusi, yaani virusi ambavyo mara nyingi huleta macho mekundu. Muuguzi alivuta ukope wa chini, akagusagusa upande wa ndani mara kadhaa kwa kitambaa kidogo kilicho kwenye ncha ya kifaa, kisha akakibonyeza hapo kidogo. Hakiumi, ila kinakera. Kifaa kikachovywa kwenye maji yake, tukangoja dakika 10. Mstari wa buluu lazima utokee, la sivyo kipimo kimeharibika. Mwekundu ukitokea pia, hata ukiwa hafifu, virusi vipo. Wangu ulitokea. Wa binti yangu haukutokea.

Hapa ndipo nilipompenda daktari kuliko kifaa chake. Hakusema mtoto hana kitu. Alituambia mstari mmoja maana yake ni kwamba adenovirusi haikuonekana, basi. Macho mekundu huletwa pia na virusi vingine, kama enterovirusi 70 na koksaki A24, ambavyo kifaa hiki hakivitambui kabisa. Tena kipimo kinafaa ndani ya wiki ya kwanza ya ugonjwa. Ukija umechelewa, usikitegemee. Akapindua ukope wa juu wa mtoto, tukaona vipele vikubwa vimejipanga. Mwasho mkali, macho yote mawili, ute unaovutika kama uzi, na shida hiyohiyo kurudi kila msimu: akasema ni mzio. Kipo pia kipimo cha machozi kinachotafuta IgE, dalili ya mzio, lakini pale hawakuwa nacho, na sikuona pengo lake.

Sikuandikiwa antibayotiki, kwa sababu haiui virusi. Niliambiwa nikande jicho kwa maji baridi, nitumie machozi ya bandia, na nikae mbali na wateja kama wiki mbili. Virusi hivi huweza kuishi wiki kadhaa kwenye vitu vikavu, kwa hiyo sponji, wanja na maskara zilizofunguliwa ziliishia kwenye taka. Hizo ziliniuma kuliko jicho. Binti alipewa matone ya mzio, nami nikapewa onyo kuhusu matone yenye steroidi ambayo watu hununua tu dukani bila cheti: yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho, na kama ugonjwa ni wa virusi vya herpes huuzidisha.

Lalamiko langu ni bei. Kipimo hutozwa kando, kila mtu chake, bima yangu haikukigusa, na hakuna aliyenitajia gharama hadi nilipofika kwenye kaunta. Ulizeni kabla ya kuketi. Nyumba ambayo watu wote wameambukizana kwa zamu, sioni haja ya kupima kila mmoja. Lakini kama wewe ni mwalimu wa chekechea, kinyozi, au mpambaji kama mimi, mstari ule ni ushahidi wa kumwonyesha mtu. Niliupiga picha nikamtumia bibi harusi wa Jumamosi ile kwa WhatsApp, pamoja na namba ya mwenzangu wa Ngara ambaye angechukua kazi na arubuni yake. Kwanza alinipongeza, akidhani nina mimba.