Candida Score katika chumba cha wagonjwa mahututi: hodari wa kukataa, dhaifu wa kukubali

Candida Score hainunuliwi wala haihitaji mashine. Ni hesabu ya alama ya kukadiria hatari ya maambukizi makali ya Candida, aina ya fangasi, iliyotolewa na Cristóbal León na wenzake nchini Hispania mwaka 2006, na daktari huweza kuifanya akiwa amesimama kando ya kitanda. Sepsisi kali, yaani maambukizi yanapoufanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, ni alama 2. Upasuaji, lishe ya kupitia mshipani, na Candida kuota katika sampuli za sehemu kadhaa za mwili ni alama 1 kila kimoja. Anayefikisha 3 huhesabiwa kuwa hatarini kupata fangasi katika damu au viungo vya ndani.

Katika utafiti wa uthibitisho wa mwaka 2009, chini ya asilimia 5 ya wagonjwa waliokwisha kuwa na Candida mwilini, lakini wenye alama pungufu ya 3, ndio walioambukizwa. Hapo ndipo ninapoisifu, kwa kuwa humpa daktari hoja ya kuizuia flukonazoli, dawa ya fangasi ambayo matumizi yake holela huzipisha aina sugu kama Candida glabrata. Alama za juu, kinyume chake, si cheti cha dawa: jaribio la Ufaransa la mwaka 2016, lenye wagonjwa 260 wenye sepsisi na Candida katika sehemu kadhaa za mwili, halikuona faida ya wazi ya kuwaanzishia mikafungini, dawa nyingine ya fangasi, kabla ya fangasi kuthibitishwa.

Kasoro kubwa iko katika ile alama ya sampuli. Watungaji walichukua sampuli kila wiki; maabara nyingi zetu hazioteshi chochote mpaka mgonjwa apate homa, na nafasi iliyoachwa wazi huishia kuandikwa sifuri. Mchukue mgonjwa aliyeshonwa utumbo uliotoboka, mwenye mrija katika mshipa mkubwa wa shingo, anayepewa antibiotiki ya meropenemu na kulishwa kwa mpira wa puani. Asipokuwa na sepsisi kali, hupata alama 1, ingawa utumbo umemwaga Candida tumboni, antibiotiki imewaua bakteria waliokuwa wakiizuia, na mrija umeipa mahali pa kung'ang'ania. Mrija na antibiotiki havimo katika hesabu kwa sababu inayoeleweka, kwani karibu kila mgonjwa mahututi anavyo, lakini kuachwa huko kusimlaze mtu usingizi.

Tena hesabu humtazama mgonjwa peke yake, haimtazami jirani yake. Katika hospitali moja ya rufaa Nairobi, Candida auris ilisababisha zaidi ya theluthi ya maambukizi ya Candida katika damu kati ya 2010 na 2016, na aina hiyo husafiri kwa mikono, vifaa na reli za vitanda.

Ninaipa nyota 3 kati ya 5. Anayeitumia aandike "haijapimwa" pale ambapo sampuli haikuchukuliwa, na kila asubuhi aulize kama ule mrija wa shingoni bado una kazi.